Kanda ya Ndani

Watu wa Voi waliomjua DJ Sufi hawakumjua DJ Sufi. Walimjua Sufian bin Alwi, kijana mrefu wa mtaa wa Sofia, mwenye miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya ukumbi, na hedifoni shingoni ambazo waya wake, kama mtu angejali kuufuata kwa macho, uliishia mfukoni mwake mwenyewe. Arusi gani mjini, au Mwatate, au hata kule Marungu, ilikamilika bila kanda za DJ Sufi? Nyimbo ziliingiana humo, mtu asijue moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Watu walicheza mpaka pilau likapoa. Naye Sufian alisimama nyuma ya meza, akageuzageuza vifundo vya mitambo bila sababu, akainua mkono juu, akapigiwa vigelegele.

Mwenye kazi alikuwa nyumbani, ameketi kwenye kigoda cha jikoni mbele ya kompyuta, na feni ikiipuliza kompyuta, si yeye. Huyo ni Sumayya, dada yake Sufian. Asije mtu baadaye akalalamika kwamba kisa hiki kinaelemea upande mmoja. Kinaelemea.

Kompyuta iliingia nyumba ile mwaka wa 1997. Baba yao, Mzee Alwi, alikuwa na duka la vipuri vya magari kando ya barabara kuu, na rafiki yake mmoja alimshawishi kwamba duka la kisasa haliendi bila kompyuta. Akainunua kuukuu, akaiweka dukani, na baada ya wiki mbili vumbi jekundu likaizima. Ikarudishwa nyumbani, ikafunikwa kitambaa cha mapambo kama sahani ya mgeni. Wakati huo Sumayya alikuwa na miaka ishirini na moja, ametoka tu kumaliza kozi ya kompyuta pamoja na shoga yake Wakesho, binti wa Ronge aliyeteremka mjini kutafuta kazi. Wakesho alipata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja. Sumayya aliambiwa asubiri. Alipouliza asubiri nini, mama yake alicheka, akaendelea kuchambua mchele.

Basi akaifungua kompyuta kwa bisibisi ya dukani, akaifagia vumbi kwa brashi ya rangi, ikawaka. Binamu yao wa Mombasa alimletea kadi ya sauti na sidii yenye programu ya kukata na kuunga muziki. Akachomeka waya kutoka kwenye redio kaseti hadi mgongoni mwa kompyuta, akarikodi wimbo mmoja, na wimbo ukajichora kwenye kioo, vilima na mabonde, kama mgongo wa mlima Sagalla uonekanavyo kutoka stesheni. Hapo ndipo alipopagawa. Muziki ambao siku zote ulipita ukapotea, sasa ulikuwa umelala mbele yake, umetulia, akaweza kuukata, kuunyoosha, kuurudia, kuulaza juu ya mwenzake.

Wala usidhani ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Dakika moja ya muziki ilikula megabaiti kumi, na diski yenyewe haikufika gigabaiti mbili. Alitengeneza upande mmoja wa kanda, akaumimina kwenye kaseti, akaufuta wote ili apate nafasi ya upande wa pili. Kupunguza mwendo wa wimbo mmoja ili ulingane na mwingine kulichukua dakika ishirini. Alibonyeza, akaenda kuinjika wali, akarudi na kuikuta kompyuta bado inahangaika. Mapigo aliyahesabu nane nane kwa kidole mezani. Stima nayo ilikatika ilipojisikia. Siku moja ilikatika baada ya saa tano za kazi ambayo hakuwa ameihifadhi. Sumayya alibaki akiitazama sura yake kwenye kioo cheusi, machozi ya hasira yakimlenga, na Sufian akachungulia mlangoni.

"Bado tu? Watu wananingoja."

Wananingoja! Sumayya alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, asije akaishika bisibisi.

Mambo yalikuwa yameanza vizuri tu. Kanda ya kwanza aliitengeneza kwa arusi ya jamaa yao, na Sufian akaibeba, kwa sababu baba yao alisema neno moja likaisha: "Mtoto wa kike asimame na maspika mbele ya wanaume? Haya zimekwenda wapi?" Sumayya hakubisha. Hakuwa na hamu ya kusimama mbele ya mtu yeyote. Aliomba kitu kimoja, kwamba Sufian aseme kanda ni kazi ya nani.

"Nitasema," alijibu Sufian. Alipoondoka, Sumayya alikuwa na kaka; aliporudi, alikuwa na DJ Sufi.

Kisha akaja na ombi. Kanda zilikuwa zinanakiliwa na kuuzwa kila mahali, akasema, kwa hiyo lazima jina litiwe ndani ya muziki wenyewe. Na Sumayya, Mungu amsamehe, alikubali. Alitundika blanketi dirishani, akamketisha kaka yake mbele ya maikrofoni alasiri nzima. "DJ Sufi!" "Voi, mpo?" "Mikono juu!" Vipande arubaini. Sufian alihema kama aliyepanda Sagalla na gunia la mahindi, na Sumayya alizikata pumzi zile moja moja, akakata na kikohozi, mpaka mtu yule akasikika kama mwanamume wa maana. Tangu siku hiyo, kila baada ya dakika tatu za jasho lake, jina la Sufian likanguruma.

Yeye alijiachia jambo moja. Alimtaka Sufian, akiwa kwenye shughuli, aache kaseti tupu ikirikodi kila kinachotoka kwenye mitambo, muziki na maikrofoni pia, ili yeye asikilize nyumbani na kujua wapi kazi imelegea. Sufian alikubali haraka, maana alipenda kujisikia. Alikuwa haondoki nyumbani bila kaseti ile.

Ndiyo iliyomletea Sumayya nyongo. Alitaka kusikia kama besi imezidi, akasikia mengine. Alimsikia bwana arusi wa Mwatate akiuliza kwenye maikrofoni, "Hebu tuambie, haya mambo unayafanyaje?" Na sauti ya Sufian, imejaa tele: "Ni mimi na mashine zangu, bwana. Mimi na mashine zangu." Mashine zake! Mtu asiyejua hata zinawashiwa wapi! Sumayya alirudisha kanda nyuma akasikiliza mara ya pili, kama mtu anayebonyeza jipu kuona kama bado linauma.

Alimlalamikia mama. Mama akasema, "Mwache, ni kakako. Jina lake si lenu nyote?" Alimlalamikia Wakesho, na Wakesho, aliyekuwa amekuja kunywa chai, akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Sasa wewe si uwaambie watu tu? Huyo anakula jasho lako bure na umekaa hapo."

"Nikisema mimi, nitaambiwa najisifu, tena nina wivu," alisema Sumayya. "Nataka aseme yeye. Kwa mdomo wake, mbele za watu."

"Sufi? Aseme hivyo?" Wakesho alicheka mpaka akapaliwa. "Utangoja sana, dada."

Akangoja. Mwaka ukaisha, na mwingine. Mwanzoni mwa 1999 mgeni akabisha hodi. Aliitwa Bwana Mbuvi, Mkamba mmoja mpole mwenye duka la kanda Mombasa na chumba kidogo cha kurikodia nyuma yake. Alikuwa ameisikia kanda ya DJ Sufi kwa mteja wake, akafunga safari. Sumayya alileta chai na mahamri sebuleni, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia atoke, akasimama na sinia karibu na mlango.

"Unatumia programu gani?" Bwana Mbuvi aliuliza.

"Hii ya... ya kawaida," alisema Sufian. "Ile ya bluu."

"Na kulinganisha mwendo wa nyimbo? Hapo ndipo nimeshangaa. Sijasikia mtu akilinganisha hivyo."

"Aa, hiyo ni mkono tu, bwana. Ni kipaji."

Sumayya alimwangalia baba yake. Mzee Alwi alikuwa amejitia hamnazo, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Alijua. Chumba cha kompyuta na chumba chake vilitengwa na ukuta mmoja mwembamba, na kwa miaka miwili alikuwa akisikia nani yumo mle ndani na nani yuko barazani akichana nywele. Alijua, akakoroga chai.

"Mimi natafuta mtu wa kunitengenezea kanda kila mwezi," alisema Bwana Mbuvi. "Jina lake juu ya jalada, picha akitaka. Nimealikwa arusi ya Nuha hapa mtaani Jumamosi ijayo, nawe ndiwe utakayepiga. Nitakusikia huko, halafu tuamue."

Jina juu ya jalada. Mgeni alipokwisha kuondoka, Sumayya alimfuata kaka yake uani.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Ili iweje? Akuchukue wewe uende Mombasa ukakae na wanaume studio? Baba atakubali?" Sufian alimpigapiga begani, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Tumia akili, dada. Nikipata mimi tumepata sote."

Sumayya aliutoa mkono ule begani. Angeweza kumwachia Sufian kaseti tupu siku ile na kumwacha aumbuke, wala asingekuwa na dhambi. Lakini Nuha alikuwa rafiki yake tangu chuoni, na arusi huwa moja. "Hii ndiyo ya mwisho," alisema, akaingia ndani.

Siku tatu kabla ya arusi ilikuwa singo ya Nuha. Wanawake walijifungia uani tangu baada ya adhuhuri, bwana arusi asisogee, hata jogoo akafukuzwa. Nuha alisuguliwa liwa na manukato, na Bi Mwanamina, somo wake, akashika nyimbo. Bi Mwanamina alikuwa mwanamke mzito wa miaka sitini, anayeheshimiwa mtaa mzima, asiyetoka barabarani bila buibui lake kumfunika vilivyo. Lakini uani, milango ikishafungwa, ulimi wake haukuwa na buibui. Alimfunza bibi arusi mambo ya waume kwa nyimbo ambazo wanawake walizicheka mpaka wakashikana. Nuha aliomba zirikodiwe, awe na kumbukumbu.

Bi Mwanamina alimtazama Sumayya na redio yake, akafikiri. "Rikodi. Lakini sauti yangu isivuke kizingiti hiki. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Bi Mwanamina."

Na hakika alikusudia hivyo. Alitengeneza kanda mbili. Ya kwanza aliiandika NJE, kwa kalamu nene, ya turubai la wanaume, ikiwa na DJ Sufi wake akinguruma humo kama kawaida. Ya pili aliiandika NDANI. Hiyo aipige mwenyewe kwa redio ndogo, uani, wanawake watupu. Humo aliilaza sauti ya Bi Mwanamina juu ya ngoma ya kisasa, akaikata pale anapovuta pumzi, akaipa makofi ya wanawake yajibu kila mstari. Hakumwuliza mwenyewe. Alitaka kumstua kwa furaha, na hapo kosa lilikuwa lake, hatulifichi. Alifanya kazi siku mbili na nusu. Hajapata kutengeneza kitu kizuri kama kile, na alijua. Sauti ya Sufian haikuwemo hata kipande.

Ila ukuta, tumekwisha kusema, ulikuwa mwembamba. Sufian aliisikia ngoma ile akiwa amejilaza kwenye kitanda cha baba yake, akaona hii ndiyo ya kummaliza Bwana Mbuvi. Maneno hakuyasikiliza, kwa vile hakuwa mtu wa kusikiliza. Asubuhi ya arusi, akipakia maspika, aliitoa kaseti ile kwenye mkoba wa dada yake, akaacha kasha lake tupu. Aliliona neno NDANI. Hakujiuliza.

Arusi ilifana. Wanaume walikaa chini ya turubai barabarani, wanawake uani, ukuta katikati. Saa tisa, watu wakiwa wameshiba, Sumayya alipanga redio yake ndogo, akafungua mkoba, akafungua kasha. Alikuwa bado amelishika mkononi, likiwa tupu, wakati maspika makubwa ya barabarani yalipoanza kupiga ngoma yake. Aliijua kwa pigo la kwanza. Kabla hajainuka, sauti ya Bi Mwanamina, safi kabisa, bila mkwaruzo, ikatandaa juu ya mtaa wote wa Sofia:

*Mchana simba barazani, watu wote wamwogopa,*
*Usiku paka jikoni, hata panya wamcheka!*

Mstari wa mbele, chini ya turubai, alikuwa ameketi Mzee Fuad, mume wa Bi Mwanamina. Kila mtu mtaani alimjua kwa ukali wake barazani. Wanaume walinyamaza kwa kitambo cha pigo moja, kisha kicheko kikalipuka, wazee kwa vijana, mmoja akaanguka na kiti chake. Uani, Bi Mwanamina aliitia mikono kichwani.

"Zima! Zima hiyo!" watu walipiga kelele. Sufian akavamia vifundo vyake. Miaka miwili alikuwa akivigeuza bila kujua kipi kina kazi gani, na kile alichokishika, badala ya kupunguza sauti, kikaizidisha. *Hata panya wamcheka!* Mzee Fuad alisimama, akaweka kofia sawa, akatazama mbele kama mtu anayesomewa hukumu. Mwishowe Sufian akapata kitufe cha kusimamisha kanda. Akashika maikrofoni.

"Wazee wangu, samahani. Jamani, si mimi. Wallahi si mimi. Ni Sumayya, dada yangu, ndiye anayezitengeneza kanda. Zote ni kazi yake. Mimi nabonyeza tu."

Ilisikika mpaka ng'ambo ya reli. Bwana Mbuvi aliisikia, Mzee Alwi aliisikia, wapishi kwenye masufuria waliisikia.

Miaka miwili Sumayya alikuwa ameyangoja maneno yale. Aliwahi kuyawaza akiwa anapika, anafua, anangoja kompyuta imalize mahangaiko yake. Sasa yalikuwa yamesemwa, tena yote, mbele za watu, na alisikia uchungu kuliko siku zote yalipokuwa hayajasemwa. Siku za sifa Sufian hakuwa na dada. Siku ya aibu, dada alipatikana mara moja, na jina lake likatajwa kwa ufasaha.

"Sumayya!" Bi Mwanamina aliita. Wanawake wakampisha njia. "Njoo hapa. Nilikwambia nini?"

"Isivuke kizingiti."

"Na imefika wapi?"

Hapo hasira zilizokuwa zimekaa kooni miaka miwili zikapata mlango. "Kanda ile niliiandika NDANI!" Sumayya alisema, na alikuwa anapiga kelele mbele ya watu wazima kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Kwa herufi kubwa hivi! Ilikuwa mkobani mwangu! Nimekukosea kwa kutia ngoma bila kukuuliza, na hilo nakuomba radhi, niadhibu utakavyo. Lakini sikuitoa mimi. Ameiiba, kama alivyoiba zote. Zote, Bi Mwanamina! Kila mlichokicheza miaka hii miwili, nimekikata mimi kwa mkono huu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza siku zote hizo nafanya nini ndani!"

Bi Mwanamina alimsogelea.

"Hata ile ya arusi ya mpwa wangu? Iliyonichezesha mpaka goti likafura?"

"Hata ile."

Bi Mwanamina alivuta pumzi kwa pua. "Kesho utakuja kwangu kumwomba radhi mume wangu," alisema. "Na kanda hiyo utanirudishia mkononi. Huyo kakako niachie mimi." Akajitanda buibui lake, akatoka barabarani. Aliyomwambia Sufian nyuma ya meza ile hayakurikodiwa, kwa sababu Sufian alikwisha kuzima mitambo, nayo ni hasara kubwa.

Jioni Mzee Alwi alimwita binti yake sebuleni. Alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Baba," Sumayya alisema, "ukuta ni ule pale. Ulidhani ni nani aliyekuwa humo?"

Mzee Alwi aliinamisha kichwa. Hakuwa na chai ya kukoroga.

Kesho yake Sumayya alikwenda kwa Mzee Fuad, akapiga magoti, akaomba radhi. Mzee alisikiliza akiwa ametazama dirishani. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Na wimbo huo una beti ngapi?"

"Saba, Mzee."

"Mungu anistiri," alisema Mzee Fuad, akamsamehe.

Jumatatu Bwana Mbuvi alikwenda dukani kwa Mzee Alwi. Hakumwulizia Sufian. Alisema mtu anayeweza kuilaza sauti ya mama yule juu ya ngoma vile, hana haja ya kuja Mombasa: atengeneze Voi, kanda zitumwe kwa basi. Mzee Alwi alisema lazima amwulize binti yake kwanza. Yalikuwa maneno mapya mdomoni mwake, na aliyatamka polepole.

Sumayya alikubali, kwa sharti moja, jina kamili juu ya jalada. Kisha akaenda kwenye begi la Sufian. Kaseti ya kurikodi shughuli ilikuwa bado imo ndani ya kasha lake, Sufian ameisahau. Siku ile alikuwa ameiwasha mapema, kama desturi.

Akaichomeka, akaipeleka mbele mpaka mwisho, na sauti ya kaka yake ikajichora kwenye kioo. Aliwasha feni. Alikata "samahani". Alikata "si mimi". Alikata "wallahi", maana hakutaka jina la Mungu liingizwe katika mambo haya. Akazikata pumzi, moja moja, kama alivyozoea. Halafu akavifuta vile vipande arubaini vya DJ Sufi, kwa sababu diski haikuwa na nafasi ya vyote.

Kanda ya kwanza ilitoka mwezi wa sita. Wiki moja baadaye Sufian alikuwa amesimama sokoni, miwani usoni, mkono umeegemea kibanda cha kuuzia kanda, akiongea na wasichana wawili. Spika ya kibanda ikacheza. Nyimbo zikaingiana vizuri ajabu, na zilipofika pale mapigo yanapotulia, sauti ya kiume ikanguruma juu yake, safi, ya mwanamume wa maana:

"Ni Sumayya, dada yangu, ndiye anayezitengeneza kanda. Zote ni kazi yake. Mimi nabonyeza tu."

Wasichana waliitazama spika, wakamtazama yeye.

Alifika nyumbani anatweta. Alimkuta dada yake kigodani, kidole kinahesabu mezani.

"Itoe! Toa sauti yangu humo! Mji mzima unanicheka!"

"Kwani ni uongo?"

"Si uongo, lakini..."

"Basi nitaitoa," alisema Sumayya bila kugeuka, "siku utakayosimama tena mbele za watu, hujashikwa na lolote, ukayasema mwenyewe."

Sufian aliivua miwani. Alibaki pale mlangoni. Sumayya alihesabu mapigo nane, akangoja, akahesabu mengine nane. Kisha akabonyeza, na kanda ikaendelea.